Saa Ipi, Afande?

Karatasi mbili zilisafiri na Inspekta Mofazzal Talukder kutoka Rangpur hadi Dhaka ndani ya mfuko wa shati, na alipofika asubuhi ile ya Jumatano zilikuwa zimelowa jasho na kujikunja. Alizinyoosha kwa kiganja juu ya meza ya Lubna Sharmin. Ya kwanza ilimwokoa mtu mmoja. Ya pili ilimzamisha mwingine. Zote mbili zilitoka kwenye mashine, na mashine, kama kila mtu alivyomwambia kwa wiki tatu, haina shangazi wala mjomba wa kumpendelea.

"Zisome kwa sauti, dada," alisema.

Lubna alikuwa mhandisi wa miaka thelathini na kitu, mwenye miwani iliyogandishwa kwa gundi upande mmoja. Ndiye aliyeisanifu Jolbarta, ukurasa mdogo wa mtandao ambao watu wa mtoni huufungua kwenye simu zao wajue kama milango ya kizuio cha maji, kule juu, imefungwa au iko wazi. Milango ikifungwa, mkono wa mto ulio kati ya kisiwa cha mchanga cha Char Kashbon na soko huvukwa kwa miguu, maji yakiishia kiunoni. Ikifunguliwa, haichukui hata saa nzima kabla mto haujawa wa kutazamwa tu.

"Hii ni ya seva yetu," Lubna alisoma. "Tarehe ishirini na moja Julai, saa tano na dakika tano asubuhi. Milango wazi. Aliyeandika, N. Barman."

"Huyo ndiye karani wa kizuio. Nimemweka ndani wiki tatu sasa. Endelea."

"Hii ya pili ni ya lango la kampuni ya simu, mashine inayozipitishia simu kurasa za mtandao. Simu ya Jobeda Khatun ilifungua ukurasa saa nne na dakika arobaini. Ikaonyeshwa, milango imefungwa."

"Na saa hiyo ilikuwa imefungwa kweli?"

"Kweli kabisa. Bado ilikuwa haijafunguliwa."

"Sasa shida yangu unaiona. Jobeda ameapa kwamba aliangalia saa tano na dakika arobaini, wakiwa wamesimama ukingoni. Watu kumi na mmoja wakamfuata majini kwa sababu yeye ndiye mama wa simu wa kisiwa kizima, anayewakodishia watu simu yake, na simu ilikuwa mkononi mwake. Watatu hawakutoka. Mmoja ni binti yake, Moyna, alikuwa anavuta mbuzi wa kwenda kuuza."

Lubna aliivua miwani. "Kwa karatasi hii aliangalia saa nzima kabla. Aliwaingiza watu mtoni kwa habari iliyochacha."

"Ndivyo mkuu wangu anavyoisoma. Jana kanipigia. 'Talukder, kesho nataka mtu mmoja mbele ya hakimu. Karani au mama wa simu, mimi sina timu. Chagua.'"

Ukweli ni kwamba Mofazzal alishachagua zamani. Nirmalendu Barman alikamatwa jioni ile ile ya msiba, na haikumtoa inspekta jasho. Kwenye faili la ofisi ya wilaya kulikuwa na barua nane za watu wa mtoni wakilalamika kwamba karani analala kazini, kwamba habari ya milango inawafikia maji yakiwa tayari yamewafikia. Barua nane si mzaha. Mofazzal alizisoma, akamtazama yule mtu mwembamba wa mashati ya mikono mirefu, akaona kesi imejipika yenyewe. Ilipokuja karatasi ya seva na kusema karani aliandika mapema, aliona aibu kidogo, na ilipokuja ya lango ikimwelekeza kwa mama aliyefiwa, aliona aibu kubwa. Ndipo akapanda basi.

"Chai?" Lubna aliuliza.

"Baadaye. Nina karatasi ya tatu." Aliitoa kwenye mfuko wa suruali. "Niliiomba dirisha la wateja wa kampuni ile ile ya simu. Ni orodha ya mazungumzo, simu ya Jobeda, siku ile ile. Nimekesha nayo kwenye basi. Soma mstari wa nne."

"Kuanzia saa nne na nusu hadi saa tano kasoro dakika kumi. Simu kutoka Malaysia."

"Ni mume wa jirani yake, yuko kiwandani huko. Hupiga kwa Jobeda, Jobeda anampa mkewe aongee. Dakika ishirini wamebishana juu ya bati za paa, jirani kanieleza yote mpaka nikataka kuwaamua. Sasa niambie, simu ya aina ile, ndogo, ya vitufe, inaweza kuongea na Malaysia huku inafungua ukurasa wa mtandao?"

"Haiwezi. Mazungumzo yakiingia, mtandao unasimama. Simu zile zina njia moja tu."

"Basi saa nne na dakika arobaini mama huyu alifungua ukurasa kwa miujiza."

Lubna aliziweka karatasi mbili za kampuni ya simu ubavu kwa ubavu. Alizitazama kwa muda, midomo ikihesabu bila sauti. "Kampuni moja," alisema. "Mashine mbili. Haiwezekani zote ziwe sahihi."

"Ndiyo maana niko hapa sipo mahakamani."

Hapo ndipo neno lilipomrudia Mofazzal, nalo halikurudi kwa upole. Mwaka ule, mwezi wa Juni, serikali ilisogeza saa mbele kwa saa moja ili umeme usipotee bure, na nchi ikagawanyika. Ofisi na shule zikahamia saa mpya. Visiwani na misikitini watu wakabaki na ya zamani, na aliyealikwa harusini alianza kwa kuuliza kama ni saa ya serikali au saa ya Mungu. Jioni ya kumkamata Nirmalendu, Mofazzal alimuuliza swali ambalo kila polisi huuliza: uliandika saa ngapi? Karani akajibu, "Saa ipi, afande? Ya zamani au mpya?" Nje ya kituo kulikuwa na watu zaidi ya mia wakidai watolewe karani wamwadhibu wenyewe. Mofazzal akapiga meza. "Usinichezee. Jibu ulichoulizwa." Karani akajibu alichoulizwa, na tangu siku ile hakuuliza tena.

"Dada Lubna," alisema, "unamjua mtu yeyote anayekaa na lile lango?"

"Namjua Kaiser. Tulisoma pamoja."

"Mpigie. Usimwambie kitu. Muulize tu mashine yake inasema saa ngapi sasa hivi."

Lubna alipiga, akaweka sauti ya wazi. Kaiser alianza kwa kumtania kwamba wahandisi wa kampuni ndogo hukumbuka marafiki vitu vikiharibika tu.

"Kaiser, niangalizie saa kwenye mashine ya lango. Kwenye mashine, siyo mkononi mwako."

Vidole vilisikika vikigonga vibonye. "Saa tatu na dakika kumi na nane."

Wote wawili waliinua macho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika kumi na nane.

"Mbona hamkuisogeza?" Lubna aliuliza.

"Mashine ya kuhesabia dakika za wateja tuliisogeza siku ile ile, ile ina amri. Lango hakuna aliyeliulizia. Bosi alisema, hizi saa serikali itazirudisha tu, tusisumbuke mara mbili. Kwani kuna nini?"

"Nitakupigia," Lubna alisema, akakata.

Mofazzal alikuwa ameshachukua kalamu. Kwenye karatasi ya lango aliongeza saa moja kila mstari, pole pole, kama mwanafunzi anayeogopa kufuta. Jobeda hakuangalia saa nne na dakika arobaini. Aliangalia saa tano na dakika arobaini, vile vile alivyoapa. Mama wa watu alisema kweli.

"Hapa ndipo pananichanganya," alisema. "Aliangalia saa tano na dakika arobaini. Karani ameandika 'wazi' saa tano na dakika tano. Dakika thelathini na tano katikati. Kwa nini bado aliona 'imefungwa'? Maneno ya karani yalikuwa yanasafiri kwa miguu?"

Lubna alivuta karatasi tupu. Alichora simu, kisha mnara, kisha sanduku aliloliandika lango, kisha sanduku la mwisho ambalo ni seva yake. "Simu haiji kwangu moja kwa moja. Inapita langoni. Na lango ni kama yule muuza chai wa chini hapo. Kila mteja akija hachemshi upya, anajaza chupa moja anawamiminia wote. Bila hivyo ukurasa ungechukua dakika nzima kufunguka kule mtoni, mtandao wao ni mwembamba. Kwa hiyo lango linachukua nakala moja kwangu, linawagawia watu hiyo hiyo."

"Mpaka chai inachacha."

"Hapana, mimi naweka kibandiko kwenye chupa. Ukurasa ukitoka kwangu nauandikia saa ya kumwagwa, dakika kumi mbele. Ukichukuliwa saa tano kamili, nauandika 'mwaga saa tano na dakika kumi.' Ikifika, lango linamwaga, linakuja kuchukua mpya."

"Kwa nini usiandike tu 'mwaga baada ya dakika kumi'?"

"Lango lao ni la kizamani. Halielewi 'baada ya.' Linaelewa saa tu."

Mofazzal aliitazama picha. Halafu aliitazama saa ya ukutani, na halafu karatasi ya lango, ambako nakala mbili zilikuwa zimeandikwa kuchukuliwa: moja saa nne kamili, nyingine saa tano na dakika kumi. Aliongeza saa moja. Saa tano kamili. Saa sita na dakika kumi. Chai ya dakika kumi ilikaa kwenye chupa saa moja na dakika kumi.

"Kibandiko kinasema mwaga saa tano na dakika kumi," alisema. "Lakini muuza chai anatazama saa yake, na saa yake imechelewa kwa saa nzima."

"Ndiyo."

"Na wewe saa yako haijachelewa."

Lubna aliirudisha miwani usoni, akaivua tena. "Ilikuwa imechelewa," alisema. "Mwanzoni seva yangu nayo ilikuwa saa ya zamani. Tukawa tunakosea pamoja, mimi na lango, na hakuna aliyeumia. Tarehe mbili Julai niliisogeza kwa mkono. Kitu cha dakika moja. Nilisimama hapo ulipo, nikabonyeza, nikaenda kula."

"Tarehe mbili."

"Tarehe mbili, afande."

Mofazzal hakuhitaji kurudi Rangpur kulifungua lile faili. Barua nane alizijua kwa tarehe kama mtu anavyojua watoto wake. Ya kwanza ilikuwa ya tarehe sita Julai. Kabla ya hapo, katika miaka miwili ya kazi, Nirmalendu hakuwa ameandikiwa hata moja. Kila habari aliyoiandika kwa wakati ilikwenda kukaa langoni saa nzima, na mto mzima ukamwita mvivu. Inspekta alikuwa ameziona tarehe hizo tangu siku ya kwanza na hakuzisoma, na jambo hilo lilimuuma kuliko safari ya basi.

"Nani alikuagiza uisogeze?" aliuliza.

"Hakuna aliyeniagiza. Kulikuwa na malalamiko ya mteja." Alifungua dirisha kwenye kompyuta, akashuka chini, akasoma kwa sauti ya ofisini: "'Tarehe mbili Julai, kwa simu. Mteja anasema ukurasa wetu unaonyesha saa ya zamani, watu wanamcheka kwamba simu yake ni ya babu zao. Anaomba turekebishe. Mteja ni mama wa simu...'"

Aliisogelea kompyuta.

"Malizia," Mofazzal alisema, ingawa alishajua.

"Mama wa simu, Char Kashbon. Jobeda Khatun."

Mchuuzi wa chini alikuwa akinadi singara za moto, sambusa za kule. Lubna aliziba uso kwa viganja, na kwa muda inspekta alimwacha alie, kwa sababu kazi yake ilimfundisha vitu vingi lakini hicho cha kumnyamazisha mtu aliyekosea kwa kutaka kusaidia hakikuwemo.

"Nilifurahi, afande," alisema hatimaye. "Mama wa kisiwani kapiga simu Dhaka kuhusu ukurasa wangu. Nilimfanyia siku ile ile. Ningemchelewesha wiki tatu kama tunavyowachelewesha wengine, wangekuwa hai."

"Hiyo ya tarehe mbili nitahitaji nakala yake."

"Lazima jina lake liwemo?"

"Niprintie tu, dada. Na mwambie Kaiser asogeze saa yake leo hii, kabla sijaenda kumwambia mimi."

*

Alhamisi asubuhi, kituoni Rangpur, Nirmalendu Barman alisimama alipofunguliwa mlango, akavuta mikono ya shati mpaka kwenye viganja. Shati lilikuwa lile lile. Mofazzal alimweleza wamesimama, kwa sababu aliona si haki kukaa.

"Kwa hiyo niliandika kwa wakati," karani alisema.

"Kwa wakati."

"Nilikuuliza saa ipi."

"Uliniuliza."

"Ukapiga meza."

"Nilipiga, bwana Nirmalendu. Nisamehe."

Nirmalendu alitikisa kichwa kama mtu aliyeulizwa njia na yeye ni mgeni. Mkewe alikuwa amewachukua watoto kwenda kwao Dinajpur. Bustani yake ya tambuu watu waliing'oa usiku wa kwanza, nguzo na mitambuu yake yote. Hayo alikwishayajua, mlinzi alimwambia. "Jambo moja," alisema. "Zile barua. Tangu Julai zinakuja, hata mke wangu akaanza kuniuliza kama nalala kazini. Nikawa naandika mapema zaidi. Dakika milango inapoguswa, mimi naandika. Bado zinakuja. Mwishowe, afande, nilianza kuamini kwamba labda kweli nalala."

Mofazzal alimpa mkono. Karani aliuangalia, akatia sahihi kitabu cha kutokea, akaenda zake bila kuushika. Hakuna aliyemlaumu.

*

Milango ya kizuio ilikuwa imefungwa siku hiyo, na inspekta aliuvuka mto kwa miguu, viatu mkononi. Jobeda alikuwa mbele ya nyumba yake ya bati akianika pilipili. Simu ilining'inia shingoni ndani ya mfuko wa plastiki, kama siku zote. Alimletea kigoda na bakuli la bisi za mchele zilizochanganywa na vitunguu, maana mgeni ni mgeni hata akija na karatasi za polisi.

Alimweleza kwa maneno machache. Hakusema uongo yeye, na karani hakulala. Mashine mbili za Dhaka hazikukubaliana saa, na habari ikakaa njiani.

Jobeda alipindua pilipili moja moja. "Wiki tatu namlaani yule karani Mhindu," alisema. "Kila sala."

"Hukujua."

"Mungu alikuwa anajua. Kwa nini alikuwa ananisikiliza tu?" Alifuta mikono kwenye sari. "Na hizo mashine, zitarekebishwa?"

"Zimesharekebishwa jana."

"Haya. Hilo naliamini. Wale wa ukurasa ni watu wanaosikia." Kwa mara ya kwanza tangu msiba, Mofazzal aliuona uso wake ukilegea. "Unajua mwezi ule wa saba niliwapigia mimi mwenyewe? Ukurasa wao ulikuwa na saa ya zamani. Hapa watu wananicheka, Moyna naye ananicheka, 'Mama, simu yako ni ya babu.' Nikapiga. Mara moja tu. Siku ile ile wakabadilisha. Dhaka, afande. Watu wa Dhaka wakanisikiliza mimi. Moyna alizunguka kisiwa kizima akiwaambia watu, mama yangu kawaamuru Dhaka."

Alitoa simu kwenye plastiki, akafungua ukurasa, akamgeuzia auone. Milango imefungwa. Saa nane na dakika ishirini.

"Saa mpya," Jobeda alisema. "Unaona? Sawasawa kabisa."

"Naona, dada."

Nakala ya tarehe mbili Julai ilikuwa kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mara nne. Katika ripoti aliyomwachia mkuu wake asubuhi, Mofazzal alikuwa ameandika "kwa ombi la mteja," akaishia hapo. Mkuu akiuliza mteja gani, atajibu. Lakini alimjua mkuu wake, hangeuliza. Alitandaza karatasi ya ushahidi mpya, ya kutiwa sahihi, juu ya goti lake, akampa Jobeda kalamu, na Jobeda, aliyejifunza kuandika ukubwani kwa ajili ya ile kazi ya simu, aliandika jina lake polepole, herufi moja baada ya nyingine. Kisha tarehe. Kisha kalamu ikasimama kwenye kisanduku cha mwisho.

"Hapa panataka saa," alisema. "Niandike ipi, afande?"

Mofazzal alivaa kiatu kimoja, akakitazama kingine.

"Paache wazi, dada," alisema. "Nitapajaza mwenyewe."